Vibao Juu ya Magunia

Mzee Khalifa alikufa Jumatatu, na kwa jinsi alivyokuwa mtu wa watu, kama angalipewa hiari angalingoja hadi Alhamisi. Habari ilifika kambini, kwenye makazi ya vibarua wa mkonge, watu wakiwa bado wanakunywa uji: Mwarabu wa Mwera, mwenye minazi, mwenye kiwanja ilipojengwa shule ya misheni, amefariki alfajiri, maziko ni adhuhuri. Praxeda alikuwa ameinama akipuliza moto. Jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa huruma. Lilikuwa siku. Keshokutwa ilikuwa Jumatano, na Jumatano ilikuwa ya mkaguzi. Akaona haya, akapiga ishara ya msalaba, akamwombea marehemu, na kabla hajafika Amina mawazo yake yalikuwa yamekwisha kurudi kwenye Jumatano.

Ndani ya chumba chao, mumewe Timotheo alikuwa ameketi kitandani akikohoa kikohozi chake cha asubuhi, kile cha kuinama hadi magotini. Kikohozi hicho alikipata brashi. Asiyeijua brashi na amshukuru Mungu wake. Ni chumba cha kiwandani ambamo singa za mkonge zilizokauka husuguliwa kwa mashine mpaka zing'ae, na vumbi lake jeupe hutanda hata watu wasionane, wala halina pa kwenda ila vifuani mwao. Dresa, mtibu wa wafanyakazi wa estate ya mkonge, alikuwa amemwambia Timotheo bila kuzungukazunguka: "Ukirudi mle, usije tena kwangu. Nenda kwa padre."

Na kwa padre ndiko alikokwenda. Padre alikuwa amemsikia akipiga marimba nje ya kanisa siku za sikukuu, akamwombea ruhusa estate ili afundishe watoto wa shule kwa kujaribiwa. Mkaguzi wa shule za misheni aje asikilize. Akiridhika, Timotheo awe mwalimu, apewe na chumba pale shuleni. Asiporidhika, kipande chake, kadi yake ya kibarua, kinarudi estate, na kwa mtu asiyeweza tena kujitwika mzigo wa majani ya mkonge, estate ilikuwa na kazi moja tu ya kumpa: ile ile. Kurudi kwao kusini, ng'ambo ya Ruvuma, hakukutajwa kabisa. Huko hawakuwa na mtu wala nyumba. Kwa hiyo maisha ya watu watatu, Timotheo, Praxeda na binti yao Anjela, yalikuwa yametundikwa kwenye masikio ya mzungu mmoja ambaye hawajapata kumwona.

"Umesikia?" Praxeda akauliza mlangoni.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa ni kwenda kuzika," akasema Timotheo, akatafuta shati.

Walipotoka mazikoni, Mwalimu Mkuu Ernesti alimkuta Timotheo shuleni, amekwisha kulaza magogo mawili ya mgomba chini na kupanga vibao juu yake. Praxeda alikuwapo kwa sababu ndiye aliyeyabeba magogo. Marimba yenyewe haikuwa kitu cha kumshangaza mtu kwa macho: vibao vya mninga, vya kutoka kirefu hadi kifupi, vimelala kukingama juu ya migomba, vimezuiwa kwa vijiti visitambae. Watoto huketi huku na huku wakitazamana, kila mmoja na vigongo viwili, na kwa kuwa wanatazamana, kilicho kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Hapo ndipo wageni wanapochanganyikiwa. Watoto wa Timotheo hawakuchanganyikiwa tena.

"Timotheo, unafanya nini?"

"Naandaa, Mwalimu. Watoto wanakuja."

"Kuandaa nini? Ukuta wa Mzee Khalifa ule pale. Wanawake wanalia, huwasikii? Kiwanja hiki alitupa kwa mdomo tu. Himyar, mwanawe mkubwa, akifika kutoka Unguja akaambiwa baba yake hata kaburi halijakauka misheni wanapiga ngoma, tutasomeshea wapi?"

"Si ngoma, Mwalimu."

"Kwa mwenye msiba yote ni ngoma." Ernesti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake aliuvalisha suti. "Nimeuliza wanaume barazani. Wanasema mpaka mtoto wake mkubwa afike, mwenye neno ni mjane wake, Bi Harusi. Na Bi Harusi amekwisha kuingia eda. Mimi siwezi kumwona, wewe huwezi, Padre hawezi. Wa kumwona ni mwanamke." Akamgeukia Praxeda aliyekuwa akijifuta utomvu wa mgomba mikononi. "Mkiniletea idhini iliyotoka kinywani mwake, Jumatano watoto wapige. Msipoleta, hapa hakuna sauti, hata mkaguzi akiwa amesimama mlangoni."

Akaondoka. Timotheo akaanza kuvitoa vibao kimoja kimoja juu ya migomba. Akatandika magunia sakafuni, akavilaza juu yake. Kibao kikikosa mgomba kikalala juu ya gunia hakiimbi, kinasema tup, basi. Watoto walipofika na kugonga walicheka, kwa sababu kirefu kilisema tup na kifupi nacho kikasema tup.

"Leo ni siku ya mikono," Timotheo akawaambia. "Wewe Noa, usikishike kigongo kama unaua nyoka. Kilegeze. Kiache kiruke chenyewe. Gonga katikati ya kibao, uondoke. Ukikaa juu yake unaiziba sauti mdomo."

"Lakini sauti yenyewe haipo, Mwalimu."

"Ipo. Iimbe kwa pua."

Siku za kawaida alikuwa akiwageuza watoto watazame ukuta, anagonga kibao, nao wanainua mkono: juu kwa sauti nyembamba, chini kwa sauti nene, na baadaye anawadai wataje kibao chenyewe. Kwa njia hiyo walikuwa wamefika mahali ambapo hata mwiko ukianguka jikoni Anjela alikuwa akisema ni cha ngapi. Sasa, kwa kuwa magunia yalikuwa yamevifanya vibao vyote bubu, Timotheo alizunguka nyuma ya watoto, akainama sikioni mwa kila mmoja, akamvumishia sauti yake taratibu ili aikumbuke. Mtoto wa kwanza, wa pili. Kwa wa tatu kikohozi kikamkamata, akashika ukuta. Watoto wakaacha vigongo wakamtazama. Praxeda mlangoni aliona jambo ambalo mumewe alikuwa analijua tangu mwanzo, kwamba mikono hufundishika kimya lakini masikio hayafundishiki.

Njiani kurudi kambini Timotheo alisema, "Kesho nenda mapema, kabla watu hawajajaa. Mwambie ni muda mfupi tu. Mwambie watoto watapiga polepole."

"Nitamwambia."

"Mwambie na kuhusu kifua, ikibidi." Hilo hakuwa amepata kumruhusu amwambie mtu yeyote.

Praxeda alivaa kanga zake za kanisani, akajifunika kichwa, akauingiza msalaba wake ndani ya gauni. Alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha na yalikuwa maneno mazuri, yenye adabu, yasiyo marefu. Lakini alipoingia nyumbani kwa marehemu kwa mlango wa uani akakuta ua umejaa wanawake wa mabuibui, hajui avue ndara wapi, aketi wapi, amwamkie nani kwanza. Akasimama. Aliyemwona ni Asmahani, dada wa marehemu, mwanamke mnene wa sauti ya kukatia maneno, aliyekuwa akigawa kazi tangu jana.

"Wewe wa kambini?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Wenzio wako kisimani. Masufuria yale pale, majivu yale pale. Yale makubwa anza nayo, mchele unangoja."

Asmahani alimdhania mmoja wa wale walioitwa kwa kazi. Jambo lilikuwa dogo, la kusahihishwa kwa neno moja: mimi ni mke wa mwalimu. Neno lilikuwa ulimini. Lakini macho ya ua mzima yalikuwa yamemgeukia, na mwalimu mwenyewe ni wa kujaribiwa, na Praxeda ghafula akajiona kwa macho yao, mwanamke wa manamba aliyevaa kanga nzuri kuja kudai ualimu katika msiba wa watu. Akachuchumaa. Akajiambia nitasaidia kwanza, aliyesaidia huomba ana uso. Akachukua kumbi la nazi, akachota majivu, akaanza kusugua.

Alisugua mpaka jua likapanda. Masufuria ya msiba hayaishi. Moja likitakata, jingine linatua. Wale wa kisimani walimwuliza amekuja na nani, akasema peke yake. Mmoja akamtania, "Na kanga hizo? Au umekuja kuposwa?" Wakacheka kwa chinichini, kicheko cha msibani. Kila alipoinua kichwa alitazama mlango wa chumba cha ndani, na kila mara Asmahani alikuwa amesimama hapo.

Ndipo sauti ikatoka ndani, maji ya kunywa, na aliyekuwa karibu na mtungi ni yeye. Akapewa jagi. Chumba kilikuwa na kiza cha udi, wanawake wameketi ukutani na tasbihi, na katikati, juu ya mkeka, Bi Harusi, katika nguo nyeupe, bila pete, bila wanja, mdogo kuliko alivyoonekana siku zote alipokuwa na vito vyake. Praxeda akapiga magoti kuweka jagi.

"Mke wa mwalimu," akasema Bi Harusi.

Praxeda alishituka nusura amwage maji. "Shikamoo, bi mkubwa. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Na kile kifua cha mumeo tunachokisikia ukutani?"

Machozi yalimjia Praxeda papo hapo. Tangu asubuhi ndilo neno la kwanza aliloambiwa kama mtu. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, kilichobaki ni kuingia. "Bi mkubwa," akasema, "nilikuwa na neno..."

"Na huyu naye ana neno?" Asmahani alikuwa nyuma yake. "Tangu jana kila aingiaye ana neno. Aliyekodi minazi ana neno, aliyeazima ng'ombe ana neno. Ndugu yangu hata ubaridi hajauzoea kule alikolala, mmekwisha kuja kugawana."

"Mwache aseme, wifi," Bi Harusi akasema. "Sema, mwanangu. Sema tu."

Tasbihi zikasimama. Praxeda akaona mikono yake, myeusi kwa majivu mpaka vifundoni, inauchafua mkeka. Akalifikiria lile neno marimba, litakavyolia katika chumba kile. Wanawake wote walikuwa wamemtazama, na Asmahani alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayemsubiri mwizi aseme jina lake.

"Nimekuja kutoa pole tu, bi mkubwa."

Bi Harusi akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Mungu akulipe," akasema. Asmahani akalichukua jagi, na Praxeda akarudi kwenye masufuria. Mchana wakampa chakula chake nyuma ya jiko pamoja na wale wa kisimani, akala kwa sababu kukataa kungekuwa fedheha nyingine. Alipofika kwenye kona ya ukuta, peke yake, alilia kwa hasira, na mtu aliyemkasirikia alikuwa ni yeye mwenyewe.

Timotheo alikuwa akimngoja nje juu ya sanduku, amevaa shati lake la kufundishia.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Akasemaje?"

Njia nzima Praxeda alikuwa ameufanyia ukweli mazoezi. Nilisugua masufuria mpaka mchana. Nikaingia ndani. Nikaambiwa niseme, nikaambiwa mara mbili, nikanyamaza. Lakini kila alivyoupanga ulikuwa ukitoka upuuzi mtupu, na mbele yake kulikuwa na uso wa mtu aliyemtuma aende akamwombee uhai wake. Nani angemwambia mtu huyo kwamba aliona haya? Midomo ikafunguka yenyewe.

"Amekataa."

Timotheo hakubisha. Alitazama chini, akakubali kwa kichwa. "Ana haki yake," akasema. "Alikataa kwa ubaya?"

"Hapana. Kwa upole."

"Mama mwema yule," akasema Timotheo, na maneno hayo yalimchoma Praxeda kuliko matusi. "Basi nitamweleza mkaguzi. Mzungu naye huzika."

Praxeda aliapa moyoni kwamba atarudi alfajiri kabla ya wengine, aseme yote. Na alfajiri alikwenda kweli. Alifika mpaka kwenye mlango wa uani, akamwona Asmahani amesimama katikati ya ua akihesabu sahani, miguu ikamgeuza yenyewe. Njiani akakutana na watoto wanakwenda shuleni, wamepakwa mafuta, wamechanwa nywele, vigongo kwapani.

Mkaguzi alifika kabla ya mchana kwa gari lililojaa vumbi, mtu mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka sana, cha vitabuni. Alisikiliza kusoma, akasikiliza hesabu, akafurahi. Kisha akaingizwa darasa la mwisho. Wazazi wachache walikuwa wamesimama madirishani, na Praxeda miongoni mwao, ameishika nondo ya dirisha.

"Nimeelezwa kwamba hapa nitasikia ala," akasema mkaguzi. "Ziko wapi?"

"Ndizo hizi, Bwana," akasema Timotheo. "Lakini jirani yetu yuko katika msiba, aliyetupa kiwanja. Tumeomba idhini, hatukupata. Watoto watakuonyesha kwa mikono."

Mkaguzi akamtazama Ernesti. Ernesti akatazama dari. Timotheo akainua kidole na watoto wakaanza. Na hapa lisemwe la haki: walipiga vizuri. Vigongo viliruka na kuondoka, mkono wa huyu ukijibu mkono wa yule, bila mmoja kumgonga mwenzake, hata anayejua angeweza kuufuata wimbo kwa macho. Lakini kilichosikika ni tup, tup, tup, kama watu wanaokung'uta mikeka. Mkaguzi aliinamisha kichwa upande, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mikono ni mizuri," akasema. "Lakini mtoto huyu anajuaje kwamba amegonga kibao cha haki?"

"Anaisikia kichwani, Bwana."

"Basi aiimbe." Akamwonyesha Noa kibao.

Noa akafungua mdomo. Siku mbili za magunia zilikuwa zimemwondolea sauti yake. Akaanza juu mno, akashuka, akatafuta, akaangukia mahali pasipo pake. Aliyefuata akamfuata Noa, kwani mtoto akibabaika humfuata mwenzake. Timotheo alisimama nyuma yao, amekatazwa kusaidia. Mkaguzi akamwonyesha Anjela kibao kile kile. Anjela akaimba, kwa sauti iliyokuwa ikitikisika lakini iliyokwenda moja kwa moja mahali pake ikatua. Mkaguzi akamwonyesha kingine, na kingine. Vyote.

"Huyu ni nani?"

"Ni binti yangu, Bwana."

"Ah," akasema mkaguzi. Na hiyo "ah" ndiyo iliyofunga mlango.

"Bwana," Timotheo akasema, na Praxeda hakuwa amepata kumsikia mumewe akisema kwa sauti ile, sauti ya mtu anayeshika nguo ya mwenziwe, "tukivibeba vibao mpaka kanisani, kule sauti haifiki huku. Si mbali. Watoto watakimbia. Nitakimbia nao."

Alipotaja kukimbia akakohoa. Alikohoa kwa kuinama, mbele ya watoto, mbele ya wazazi, na mkaguzi akarudi nyuma kidogo, akatoa kitambaa. Akangoja mpaka kikaisha.

"Kivuko cha Pangani hakinisubiri," akasema, bila ukali. "Nasikitika. Niliagizwa kusikia ala, nami nimeona mikono. Kuimba wanafundishwa tayari. Nikijaliwa nitakuja mwakani, nanyi mtakuwa tayari."

Gari likaondoka. Ernesti akaja, akamgusa Timotheo begani. "Mimi nilisema lete idhini," akasema, kama mtu anayejifuta mikono. Timotheo akamjibu ndiyo, Mwalimu. Praxeda alikuwa bado ameshika ile nondo. Mwakani, alisema yule mtu. Mwakani, kwa kifua kile.

Jumapili baada ya misa nyapara alipita kumwambia Timotheo kwamba jina lake limeingia brashi, aripoti kesho. Timotheo akashukuru. Walikuwa wameketi nje, Anjela anachambua mchicha, mara ikasikika hodi ya adabu, nao wote wakasimama. Alikuwa Hamdiya, binti wa marehemu, katika buibui, ana kitu amekikunja kwapani. Watu wa kambi walikuwa wametoa vichwa milangoni kumtazama. Mtoto wa Mzee Khalifa hakuwa amepata kuingia kambini.

Praxeda akampa kigoda. Timotheo akasimama mbali kidogo, kama inavyopasa.

"Mama ananituma kwa mambo mawili," Hamdiya akasema. "La kwanza hili." Akatoa doti ya kanga, mpya, bado ina harufu ya dukani, akamwekea Praxeda mapajani. "Anasema siku ile ulisugua vyombo vyetu tangu asubuhi kama mtu wa nyumbani, na shangazi akakutumikisha asijue wewe ni nani. Anakutaka radhi."

Timotheo akaitazama kanga, akamtazama mkewe. Praxeda hakuweza kuinua macho.

"La pili, anauliza watoto wamepatwa na nini. Baba alipokuwa kitandani, kila alasiri alitaka tumfungulie dirisha la upande wa shule. Tukichelewa anagombeza. Siku ya mgeni wenu aliijua, akasema hai au maiti, watoto wasizuiwe. Mama alidhani mmekwisha kuambiwa. Jumatano akawatuliza wanawake, akasema leo mtasikia marimba, msishangae, ni neno la mwenyewe marehemu. Shangazi akanuna. Tukakaa tunangoja. Tukasikia gari linakuja, tukasikia linakwenda. Kimya." Hamdiya akamtazama Praxeda. "Mama hajapata raha tangu siku ile. Anasema yule mke wa mwalimu aliingia na neno, naye akamwambia aseme."

Anjela aliacha kuchambua. Praxeda akajua sasa siri itatoka, mbele ya mgeni, mbele ya mtoto, mbele ya kambi nzima iliyotoa vichwa nje.

"Tuliona si adabu, bi mdogo," akasema Timotheo. "Tuliamua wenyewe, mimi na mwenzangu. Mwambie bi mkubwa asijisumbue moyo."

"Basi wapige sasa. Eda ya mama ni ndefu, na nyumba imekuwa kimya hata inatisha."

"Watapiga leo leo." Akamgeukia bintiye. "Anjela, waite wenzako. Mwambieni Mwalimu Ernesti bi mkubwa ameomba mwenyewe. Kateni mgomba mbichi. Ule wa zamani umekauka."

Anjela akakimbia. Hamdiya akaaga kwa adabu zote na kuondoka, na vichwa vya kambi vikarudi ndani. Wakabaki wawili. Praxeda alikuwa amesimama na ile doti mikononi, akingoja. Alitaka apigwe. Alitaka atukanwe kwa lugha ya kwao mpaka majirani watoke. Timotheo akaketi polepole juu ya sanduku.

"Ulifika mpaka mbele yake?"

"Nilifika."

"Akakwambia useme."

"Mara mbili."

Akakubali kwa kichwa, vile vile alivyokubali siku ile alipodanganywa. Akautazama mchicha ulioachwa nusu. "Kesho nitahitaji kitambaa cha kufunga mdomo," akasema. "Kile cha zamani kilichakaa."

Praxeda hakuwa na kitambaa. Alikuwa na matambara ya jikoni, na kanga zake za kanisani, na hii. Akaishika doti ya Bi Harusi pindoni, akaiuma kwa meno, akaichana. Ilichanika kwa shida, kwa kuwa ilikuwa mpya. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Alipokuwa akikunja kile kipande, marimba ikaanza kule shuleni. Safari hii vibao vilikuwa juu ya migomba, vinaimba. Sauti nene ilitangulia, nyembamba zikaipokea, zikapita juu ya ukuta wa Mzee Khalifa, zikafika mpaka kambini, safi, kila moja mahali pake. Mlango wa jirani ukafunguka, mtu akatoka kusikiliza. Timotheo aliinua kichwa. Vidole vyake vikaanza kugonga goti, kisha vikaacha.

Praxeda akaja nyuma yake, akamziba pua na mdomo kwa kile kitambaa, akafunga fundo kisogoni. Timotheo akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena, akijaribu.

"Kikunje mara mbili," akasema. "Vumbi la mle linapenya."